Stakabadhi Si Shukrani



Kila mwaka, mwezi wa Juni na tena mwezi wa Desemba, shule zetu za sekondari hufungwa, na watoto hurudi makwao. Pamoja na sanduku na godoro, mtoto huleta nyumbani karatasi mbili. Ya kwanza ni ripoti, nayo husomwa mara moja, hata kabla mtoto hajapewa maji ya kunywa. Ya pili ni barua ya mkuu wa shule: inaeleza habari za muhula uliokwisha, darasa lililoezekwa, mtihani uliofanyika na tarehe ya kufungua shule, na mwisho wake hutoa shukrani kwa wazazi. Barua hiyo wengi hawaisomi. Huwekwa chini ya kitambaa cha meza, nayo hukaa huko mpaka itakapotakiwa kuangaliwa tarehe.

Leo napenda tuitazame karatasi hii ya pili, kwa maana ndani yake mna swali kubwa kuliko linavyoonekana. Shule inapomshukuru mzazi, inamshukuru kwa nini? Je, mzazi aliyekwisha lipa ada bado anadaiwa shukrani? Na shule iliyokwisha toa stakabadhi, je, imekwisha shukuru?

Sitaanza na makosa ya wengine. Nitaanza na langu.

Miaka michache iliyopita, kabla ya kupewa kazi ya gazeti hili, nalifundisha katika shule moja ya sekondari ya kutwa, huko kijijini. Wazazi walikuwa wamepatana kuchanga mahindi, maharage na fedha kidogo, ili watoto wapate chakula cha mchana. Mwisho wa muhula mkuu wa shule aliniagiza niandike barua kwa wazazi. Nami, kwa kuwa siku zilikuwa chache na mitihani ya kusahihisha ilikuwa mingi, nalichukua kitabu cha stakabadhi, nikanakili majina. Fulani, gunia moja la mahindi; fulani, debe mbili za maharage; fulani, fedha kiasi hiki. Kisha nikaandika juu yake kwamba shule yawashukuru wote waliojitoa kwa ajili ya watoto. Nikatia sahihi, nikaona kazi imekwisha.

Baada ya likizo akaja mama mmoja, mjane, amevaa kanga yake ya kwendea kanisani. Akasema, “Tumsifu Yesu Kristo, Baba.” Nikaitika, “Milele, amina. Karibu, mama.” Akasema amekuja kushukuru, kwa sababu shule imemkumbuka katika barua, hakutazamia kwamba mtu kama yeye ataandikwa pamoja na wenye magunia. Mimi nalijua vema kwamba jina lake halimo katika barua ile. Lakini neno lilinishinda. Nikamwambia tu, “Asante kwa kuja, mama,” naye akaenda zake akiwa na furaha.

Nikamwita mwanawe, kijana wa kidato cha pili. Nikamwambia, “Mwanangu, barua niliyoiandika haikuwa na jina la mama yako.” Akatazama chini kwa kitambo, kisha akajibu, “Najua, Padre. Mama hajui kusoma, akaniambia nimsomee. Nilipomaliza majina yote akaniuliza, ‘Na mimi je?’ Ndipo nikasoma na lake.”

Nikamwuliza mama yake alikuwa ametoa nini. Kijana akastaajabu kwamba sikujua. Mpishi wa shule alipougua, kwa majuma matatu mazima, mama yule ndiye aliyekuja alfajiri, akachota maji, akakoka moto na kuwapikia watoto wote; naye hakupata hata senti. Mimi mwenyewe nalikula chakula kile. Lakini kwa kuwa kazi yake haikukatiwa stakabadhi, haikuwako katika kitabu. Na kwa kuwa haikuwako katika kitabu, haikuwako katika shukrani.

Basi, wasomaji wapenzi, hapo nalijikuta mbele ya jambo gumu. Kijana alikuwa amesema uongo, na Kanisa latufundisha kwamba uongo hauhalalishwi na nia njema. Hilo sikuweza kumficha. Walakini nalipoipima barua yangu niliona kwamba kila neno lake lilikuwa la kweli, na hata hivyo barua nzima haikuwa ya kweli. Ilisema “wote waliojitoa”, kisha ikataja wenye stakabadhi peke yao. Kijana aliongeza jina lisilokuwako katika karatasi. Mimi nalikuwa nimefuta tendo lililokuwako duniani. Tena nalikuwa nimepokea shukrani nisiyostahili, nikanyamaza. Na kunyamaza kule kulikuwa ndugu wa uongo.

Sikutaka kumfedhehesha kijana mbele ya mama yake, wala sikutaka kuendelea kukaa na shukrani ya wizi. Nikamwachia yeye achague. Akasema, “Twende, Padre, nitamwambia mwenyewe.” Jumamosi tukaenda. Kijana akasema lake, nami nikasema langu, nikaomba radhi. Mama akanyamaza kitambo. Kisha, akiiona karatasi mkononi mwangu, akamwambia mwanawe, “Haya, nisomee hiyo aliyoiandika sasa.” Ilikuwa barua fupi ya mkono wangu, yenye kutaja yale majuma matatu, maji na moto. Kijana akaisoma, na safari hii hakuongeza neno.

Tangu siku ile nimefikiri mara nyingi juu ya tofauti kati ya stakabadhi na shukrani. Stakabadhi ni kitu chema na cha haki. Humlinda mtoaji, humlinda mhazini, hufukuza wizi. Shule isiyotoa stakabadhi yafaa kuulizwa sana. Lakini stakabadhi husema, “Tumepokea, deni limekwisha.” Shukrani husema kinyume chake: “Tumepokea, na kifungo kati yetu kimeanza.”

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeeleza jambo hili katika sehemu ya pili ya kitabu chake kikuu cha teolojia, afundisha kwamba shukrani ina ngazi tatu. Ya kwanza ni kuutambua wema tuliotendewa. Ya pili ni kuukiri kwa maneno na kushukuru. Ya tatu ni kuulipa kwa wakati na mahali panapofaa, kadiri ya uwezo wetu. Naye aonyesha kwamba utovu wa shukrani ulio mzito kuliko wote si ule wa kukosa kulipa, bali ule wa kutokuutambua wema wenyewe, ama kwa kusahau, ama kwa njia nyingine. Watu wengi hudhani kwamba asiyelipa ndiye mbaya zaidi. Sivyo: asiye na kitu aweza kuwa na shukrani kamili, kwani yeye hutambua na kukiri. Lakini asiyeona hata ngazi ya kwanza hajaikanyaga. Hapo ndipo nalipokuwa mimi na barua yangu nzuri.

Aongeza tena kwamba deni la shukrani latoka katika mapendo, na mapendo hayana mpaka: kadiri mtu alipavyo ndivyo azidivyo kudaiwa. Mwenye hesabu za duka ataona jambo hili kuwa la ajabu. Lakini mama yeyote aliyemnyonyesha mtoto alifahamu tangu zamani.

Sasa turudi kwa wazazi, maana nao wana sehemu yao. Wako wanaosema, “Mimi nimelipa ada yote, sidaiwi kitu.” Kwa upande wa fedha wasema kweli. Ada hununua chaki, unga na kuni, nayo hulipa mishahara. Lakini sista aliyekesha kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa, na mwalimu aliyebaki darasani jioni kwa ajili ya mmoja asiyeelewa hesabu, hao walitoa kitu kisichokuwa na bei katika orodha ya ada. Kitu kisicho na bei hakiwezi kulipwa. Chaweza kushukuriwa tu.

Wako wengine wanaosema, “Siku hizi elimu ni bure, tumshukuru nani?” Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 shule za sekondari za Serikali katika Tanzania hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hata kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa, nalo limewafungulia mlango watoto wa maskini. Lakini elimu isiyotozwa ada si elimu isiyolipiwa. Kodi ya muuza nyanya imo humo, na ya mvuvi, na ya mzee asiye na mtoto hata mmoja shuleni. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere aliwaeleza Wabunge jambo hili kwa mfano: kijiji chenye njaa kinampa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, amewasaliti. Mwanafunzi ndiye mtu huyo. Nasi tukimwambia kwamba chakula alichokula hakikuwa cha mtu, twamfundisha kutokurudi.

Huenda msomaji akauliza: Je, Bwana wetu hakusema kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume? Kwa nini basi kuwatangaza watu na matendo yao? Najibu hivi: amri ile amepewa mtoaji, hakupewa mpokeaji. Mtoaji aagizwa kuficha. Mpokeaji haagizwi kusahau. Wakoma kumi waliponywa, akarudi mmoja tu, naye alikuwa Msamaria. Bwana hakumsifu kwa kurudi kimya, bali aliuliza wako wapi wale tisa. Tena alipoketi kuielekea sanduku ya hazina, alimwona mjane akitia sarafu mbili, akawaita wanafunzi wake ili nao wamwone. Matajiri walikuwa wametia vingi. Lakini Yeye hahitaji kunakili kutoka kitabu cha stakabadhi.

Huenda mkuu wa shule naye akasema: “Padre, nina wazazi mamia, nitawataja wote namna gani?” Si lazima kuwataja wote. Lililo lazima ni kwamba orodha ya fedha isijifanye kuwa orodha ya wema. Kabla ya kuandika barua yako, waulize waalimu, mwulize mpishi, mwulize mlinzi: nani alitusaidia muhula huu, ambaye hakuna aliyemwandika? Utashangaa majibu yake. Na usipoweza kutaja majina, basi taja kazi: waliochota maji, waliotengeneza madawati, waliowapokea watoto waishio mbali. Kila aliyetenda atajisikia ndani ya neno hilo, hata akiwa hajui kusoma.

Tusisahau kwamba shule zetu nyingi za kale zilijengwa kwa mikono ya namna hiyo. Wazee wetu waamini walifyatua matofali, wakabeba mawe na mchanga vichwani, na wengi wao hawakuingia kamwe katika madarasa waliyoyajenga. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule zile chini ya Serikali, hati ziliandikwa juu ya majengo na viwanja. Majina ya waliobeba mawe hayakuwa katika hati yoyote. Hata hivyo watoto wa nchi nzima, Wakristo na Waislamu, walisoma chini ya paa zile. Fadhila iliyosahauliwa na wanadamu haikupotea; lakini sisi tuliosahau tumepungukiwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, wafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Basi shule yaweza kufundisha hesabu na lugha, lakini kushukuru mtoto hujifunza nyumbani, na hasa kwa kuwatazama wakubwa. Akimsikia baba akisema, “Nimelipa, yamekwisha,” naye atasema hivyo siku moja juu ya baba mwenyewe. Atapeleka fedha kijijini kila mwezi, ataweka stakabadhi, wala hatakwenda kumtazama mzee wake. Asante ya punda ni mateke, walisema wahenga. Lakini punda hakufundishwa, na mwana wa mtu aweza kufundishwa.

Kwa hiyo, wazazi wapenzi, likizo hii mtoto atakapofika nyumbani, isomeni ripoti, ndiyo. Na kama hesabu ni mbaya, semeni naye. Kisha itoeni ile karatasi ya pili chini ya kitambaa cha meza. Isomeni kwa sauti, nyumba nzima ikisikia, hata bibi asiyejua kusoma. Baada ya kumwuliza mtoto, “Umekuwa wa ngapi?”, mwulizeni neno hili pia: “Muhula huu nani alikusaidia?” Mpeni nafasi afikiri. Akitaja mtu, mpeleke akashukuru, au mpeni kalamu aandike.

Na Jumapili mwendapo Misani pamoja naye, mkumbusheni kwamba neno Ekaristi, katika lugha ya Kigiriki, maana yake ni shukrani. Pale altareni twamtolea Mungu shukrani kwa deni tusiloweza kulilipa, naye hatukatii stakabadhi. Atuita mezani tena.