Ni Nani Aitwaye Kupe?

Katika vijiji vingi neno hili husikika saa ya kugawa chakula: "Huyu ni kupe." Huambiwa kijana aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu, huambiwa mjane anayekaa kwa shemeji yake, pengine hata mzee asiyeona tena njia ya shamba. Mwenye kulisema hudhani ametaja jambo lililo wazi. Lakini, ndugu msomaji, yafaa kwanza kumtazama kupe mwenyewe, kisha kuuliza kama mtu aweza kuitwa kwa jina lake bila uwongo.

Kupe humpanda ng'ombe kutoka majanini, hujishikiza palipo na ngozi laini, hunywa damu hata avimbe kama punje ya kunde, kisha huanguka chini kutaga mayai. Hampi ng'ombe kitu, isipokuwa ugonjwa: kupe wa masikioni hueneza homa inayoua ndama wengi huko Kivu, Rwanda na Uganda. Mimea nayo ina kupe wake. Kiduha, chenye maua mazuri ya kupendeza macho, ni mbegu ndogo mno, na chaweza kungoja udongoni miaka zaidi ya 10. Hakiamki kwa mvua peke yake. Hungoja mpaka mzizi wa mtama au wa mahindi upite karibu. Ndipo huota, hujifunga katika mzizi ule na kuunyonya. Mkulima aonapo maua, hasara imekwisha kufanyika chini ya ardhi.

Hapa hakuna dhambi. Kupe hana hiari. Huishi kama alivyoumbwa.

Walakini yuko ndege mmoja ambaye habari yake yatatiza hesabu. Ni ndege mwonyesha-asali, ambaye wengine humwita mlembe. Si mkubwa, wala si mzuri wa kutazamwa. Hupenda nta, lakini hawezi kupasua mti wenye nyuki. Basi humwendea mtu, hulia kwa haraka, huruka mti hata mti, na mtu akimfuata hufika penye nyuki. Mtu huleta moto na shoka, hutwaa asali. Ndege hupata nta. Karibu na mwaka 1588, huko Sofala katika pwani ya Msumbiji, padri Mdominikani João dos Santos aliwaona ndege hawa wakiingia kanisani kudonoa mishumaa. Na mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba katika Niassa, huko huko Msumbiji, mwindaji Myao akiita kwa mlio wa desturi yao, ndege humwongoza mara 66 katika 100. Kwa sauti nyingine ni mara 33 tu.

Je, si rafiki mwema? Tazameni upande wa pili. Mlembe hajengi kiota. Hutaga yai lake kwa ndege wengine, kama wale wadogo walao nyuki, wanaochimba tundu ardhini. Kinda lake huanguliwa kipofu na uchi, lakini ncha ya mdomo wake ina ndoano kali. Gizani huwauma makinda ya wenye nyumba mpaka yafe. Baadaye ndoano hupotea, nalo hukaa likilishwa na wazazi wale wale waliofiwa, hata liwazidi kwa ukubwa. Mambo haya yalionekana katika picha zilizopigwa ndani ya matundu huko Zambia, zikatangazwa mwaka 2011.

Ndege ni yule yule. Kwa mwindaji ni mwenzi, kwa mla-nyuki ni mwuaji. Kwa hiyo ukupe haukuandikwa katika ngozi ya kiumbe. Ni tendo, tena tendo kati ya hawa wawili, si kati ya wale.

Basi kwa watu, kipimo ni kipi? Wengi huuliza tu: nani anakula bila kulima? Kipimo hicho ni kibovu. Mtoto aliye tumboni hulishwa kwa damu ya mama yake miezi 9, wala mama hakuibiwa. Mzee alilisha kabla ya kulishwa. Yafaa kuuliza mengine: aliyetoa amebaki na nini? Na aliyepokea, je, alikuwa na nguvu ya kufanya lingine? Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema, siku ya tatu mfukuze. Jembe humfanya mgeni kuwa mtu wa nyumba. Mtume Paulo naye alishona mahema mjini Korinto.

Katika miaka ya 1950 jambo hili lilisumbua sana miji ya Katanga. Mfanyakazi wa mgodi wa shaba alipata mshahara na posho. Mara wakaja ndugu, binamu, na watu wa kwao mkewe. Wakubwa wa serikali ya Wabelgiji waliwaita jamaa hao vimelea. Manung'uniko hayakuwa ya bure: mtu mwenye nguvu akila mwaka mzima, akikataa jembe, na watoto wa nyumba wakikonda, huyo amekaribia kinda la mlembe. Lakini jina lile lilificha kwamba jamaa wa kijijini ndio waliomlea mfanyakazi, na ndio angewarudia akizeeka. Kula kwao kulikuwa upande mmoja wa deni lenye pande mbili.

Tena kupe ni mdogo kuliko ng'ombe, na kwa sababu hiyo macho humtafuta mnyonyaji miongoni mwa wadogo. Kati ya watu mara nyingi huwa kinyume. Tangu mwaka 1885 hata 1908 Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II, ambaye hakuikanyaga nchi hii hata siku moja. Vijiji vililazimishwa kuleta mpira wa mwituni, na pamoja na mpira, kwanga, samaki, kuku na mbuzi za kuwalisha askari na walinzi. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto mwaka 1903, na habari yake ilichapwa mwaka 1904: watu wamekimbia makwao, wanawake wanatengeneza kwanga ambayo watoto wao hawataila. Nao waliolishwa hivyo waliandika kwamba mwenyeji ni mvivu, na lazima afundishwe kazi.