Fedha ya Mlima wa Potosí

Imekuwa desturi ya watu kusema kwamba mji huanguka mali yake ikwishapo. Habari za Potosí, mji ulioko katika nchi iitwayo leo Bolivia, zatufanya tuulize kama ndivyo.

Mji huo ulianza mwaka 1545, Wahispania walipoanza kuchimba fedha katika mlima walioupa jina la Cerro Rico, yaani Mlima wa Utajiri. Mwaka 1573 liwali wa mfalme, Francisco de Toledo, aliweka sheria iliyoitwa mita: katika wanaume saba wa kienyeji, mmoja hutolewa kwao kwenda kazini. Watu wapatao 13,000 waliitwa kila mwaka, na wengi walifuatana na wake na watoto. Walipanda ngazi gizani na mawe migongoni. Wengine walikanyaga kwa miguu unga wa mawe uliochanganywa na zebaki, nayo ni sumu. Ujira walipewa, ila haukutosha chakula. Fedha nyingi ilivuka bahari, na nyingine ikawa vikombe na taa za madhabahuni.

Hapo ndipo penye swali. Je, kikombe kile kilikuwa safi? Wako watakaosema kwamba aliyekitoa hakumpiga mtu, na sheria ilikuwa ya mfalme. Naam, kila mmoja alifanya sehemu ndogo tu: jumbe aliandika majina, msimamizi alihesabu mizigo, padre alibariki kikombe. Lakini hawakukosa kuonywa. Mwaka 1550, miaka 23 kabla ya sheria ile, mtawa Domingo de Santo Tomás aliandika Hispania kwamba mahali pale ni kinywa cha jehanamu kinachomeza watu. Ndiye aliyetoa mwaka 1560 kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kikechua. Wala hatustaajabu kwamba aliyejifunza lugha ya watu ndiye aliyesikia kilio chao. Kwetu sisi, mji ule ulikwisha kuanguka siku waliposoma barua yake wakaiweka kando.

Kwa macho ulizidi kusitawi. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa na watu wapata 160,000. Kisha mwaka 1626 bwawa la maji lilipasuka likaua wengi, na fedha ikapungua. Mita ilitanguliwa mwaka 1812. Mwaka 1825 wenyeji wa mji hawakufika 10,000.

Makanisa yangaliko. Mlango wa San Lorenzo, uliochongwa na mafundi wa kienyeji, wapendeza sana. Na juu yake mlima wachimbwa hata leo, kwa bati na zinki, na kilele chake chadidimia.