Kabla Mthamini Hajapiga Hodi

Sura ya 27 ya Mambo ya Walawi ina jambo ambalo huhubiriwa kwa nadra. Mtu akiiweka nyumba yake wakfu kwa Bwana, kuhani huja kuitazama kama ni njema au mbaya, na bei atakayoitaja ndiyo inayosimama. Mwenye nyumba akitaka kuikomboa, anaongeza sehemu ya tano. Aya chache kabla ya hapo, kwenye nadhiri za watu, maskini ametajwa pia: asiyeweza kulipa kiwango kilichowekwa apelekwe mbele ya kuhani, akadiriwe kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo kuitia bei nyumba ya mtu hakukuanza na serikali wala benki. Makuhani waliifanya kazi hiyo, tena kwa maagizo.

Nayakumbuka maandiko haya kila barabara inapotaka kupanuliwa huku kwetu Bweranyange, au nguzo za umeme zinapotafuta njia katikati ya migomba, na mali za watu zinapothaminiwa kwa ajili ya fidia. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa KKKT, na pia ni mmoja wa wanawake watatu ambao sheria inataka wawemo kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Watu hunijia na swali moja: "Mama, tufanyeje uthamini uishe haraka?" Naliona ni swali la imani kabisa, kwa sababu nimekaa karibu na kazi hiyo na nimeona kinachoichelewesha.

Mthamini mwenyewe akishafika, kazi hukimbia. Anavuta utepe chumba kwa chumba, anatazama bati na sakafu, anahesabu migomba na mibuni kwa umri wake, anauliza yaliko makaburi. Mwenye mali anapigwa picha mbele ya nyumba akiwa ameshika kibao cha namba, mwenyekiti wa kitongoji anashuhudia, fomu inasainiwa. Yanayokwamisha yako kwetu. Chumba kimefungwa na mwenye ufunguo yuko Mwanza. Jina la kwenye kitambulisho cha taifa silo la kwenye akaunti ya benki. Milamula ya mpakani imekuwa ikisogea kidogo kidogo tangu baba alipozikwa, na kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Nilikaa na ndugu wawili wenye mpaka wa aina hiyo, jioni ya kuamkia siku ya uthamini. Kibanja kilikuwa cha baba yao. Nyumba yenyewe ilijengwa na kaka yao wa katikati, ambaye ni marehemu, na ndani yake anaishi mjane wake. Mkubwa aliniambia kwa upole kabisa: "Mama, tuandike jina moja tu, langu. Tukianza kueleza mambo ya shemeji hapa tutakesha, na kesho watatuacha." Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na hoja: familia ambayo haijakubaliana huachwa pembeni ikaitwa yenye mgogoro, na wenzao wakalipwa kwanza.

Mjane alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Nikamwuliza yeye. Akasema, "Hiyo sakafu ya saruji tuliimwaga mimi na mume wangu, kwa pesa ya kahawa. Mkiniacha nje ya karatasi, mtakuwa mmeniacha nje ya nyumba."

Utepe si kitu kigeni Bweranyange. Mwishoni mwa 1861 mpelelezi Mwingereza Speke alipokewa hapa kwenye ikulu ya Rumanyika, Mukama yaani mfalme wa Karagwe, kwa heshima zote za mgeni. Katika ukarimu huo akampima kwa utepe mmoja wa wanawake wa jamaa ya mfalme: mkono, kifua, paja. Vipimo vikachapishwa katika kitabu chake mwaka 1863, na mwenye mwili ule ametajwa kama shemeji wa mfalme. Inchi zake zinasomeka hadi leo, jina lake halimo. Hilo ndilo lililonijia kichwani nilipomsikia yule mama pale mlangoni. Kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa na mtu akawa amedhulumiwa.

Tulikesha kweli. Mpaka ukarudishwa palipokuwa na kisiki cha mlamula wa zamani. Likatajwa kaburi la mtoto ambalo halikuwa na alama yoyote, na kwa kuwa Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 ipo, lilistahili kuandikwa. Nyumba ikawekwa kwa jina la mjane, migomba ikagawanywa. Asubuhi mthamini alimaliza kibanja kile kabla jua halijawa kali.

Yupo atakayeniambia habari za Nabothi, aliyemkatalia Ahabu shamba la baba zake hata alipoahidiwa fedha au shamba lililo bora zaidi. Namheshimu Nabothi. Lakini aliweza kukataa kwa sababu alijua urithi ule ni wa nani na umeishia wapi. Familia iliyoficha mpaka wake haiwezi kukubali bei wala kuikataa. Haina sauti moja ya kusemea.

Sasa na upande wa pili, ule unaolipa, usikie. Kanuni za fidia za 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, posho ya usafiri na kodi ya makazi ya miezi 36. Naona kivuli cha ile sehemu ya tano ya Walawi humo, na ninashukuru. Sheria ya Uthamini ya 2016 nayo inasema thamani iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali hukoma miaka miwili ikipita bila malipo. Ndugu zetu wa Missenyi na Muleba, linakopita bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, wanajua maana ya kuhesabiwa kisha kusubiri, ukiogopa kupanda hata mgomba mmoja. Torati inataka ujira wa kibarua umfikie kabla jua halijatua. Ndugu wale walimaliza kesi ya miaka mingi kwa usiku mmoja ili kazi ya mwenye kupima iwe nyepesi. Kwa hiyo kwenye kikao kijacho cha kijiji nitasimama niombe kwamba siku ya kusaini fomu, anayelipa naye aje, aandike tarehe yake ya kulipa kwenye karatasi ile ile, mbele ya mjane.