Mwili Unaopimwa na Mwili Ulio Amana

Sayansi ya mazoezi, yaani taaluma inayochunguza namna misuli, moyo, mapafu na neva vinavyoitikia kazi ya mwili, hufundishwa vyuoni kama elimu ya vipimo, lakini ndani yake limo swali la kale la falsafa: je, mwili ni kitu anachokimiliki mtu, au ndio mtu mwenyewe? René Descartes, aliyeufananisha mwili na mashine katika karne ya 17, aliifungulia njia maabara. Naye Archibald Hill, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa utafiti kuhusu joto linalozalishwa na misuli, alipima oksijeni inayotumiwa na wakimbiaji, akaonyesha kwamba juhudi ya binadamu inaweza kuandikwa kwa tarakimu. Hilo ni jambo kubwa, wala halistahili kubezwa.

Hata hivyo, mhitimu wa taaluma hiyo anayemsaidia mgonjwa wa moyo kurudia kutembea, anayemfundisha mwanariadha, au anayewaongoza wazee wasipoteze nguvu za miguu, hukutana na hofu, matumaini na nia, mambo yasiyosomeka kwenye mtambo. Mafundisho ya Uislamu kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na ya Mtume Paulo kwamba mwili ni hekalu, huufanya mwili kuwa amana, na amana haikamuliwi kwa ajili ya medali. Ndiyo maana maadili yafaa yafundishwe maabarani hasa, pale mwanafunzi anapomvisha mwenzake barakoa ya kupimia pumzi na kumwomba akimbie hadi achoke kabisa.