Korongo Ajua Majira Yake



Kila mpunga unapokaribia kuvunwa katika bonde la Ruvu, sisi wa Vihingo na majirani zetu huanza kuwatazama ndege kwa jicho baya. Wapo kati yetu wanaoshauri yawekwe majira ya kuwawinda korongo weusi, wale wenye mwanya katikati ya mdomo. Shtaka lao ni moja: huonekana shambani, basi ndio walao mpunga.

Ndugu, tumemhukumu asiye na hatia. Korongo huyu hali nafaka. Chakula chake ni konokono na kome wa majini, na mdomo ule amepewa na Muumba kwa kazi hiyo. Mwizi wa mpunga ni kwelea kwelea, ndege mdogo. Tena huko Mwea, Kenya, mwaka 2020 walionekana konokono wa kigeni walao miche ya mpunga. Je, mkulima mwenye adui kama huyo amwue mla konokono?

Tujifunze pia kwa yaliyotokea Bunyala, magharibi ya Kenya. Mwaka 2009 wachunguzi walikuta watu wakitia Furadan, sumu ya kuulia wadudu wa mashambani, ndani ya konokono ili kuwanasa korongo hao. Ndege walikufa, na nyama yao ikauzwa ikaliwa. Sumu aliyotegewa ndege ikaingia katika vyungu vya watu.

Hatusemi kwamba kuwinda ni dhambi. Lakini Torati yenyewe iliuwekea mkono wa mwindaji mpaka: akikuta kiota, amwache mama aende zake (Kumbukumbu 22:6-7). Naye nabii Yeremia (8:7) alimtaja korongo kuwa ndege ajuaye majira yake, ili kuwaaibisha watu wasioijua hukumu ya Bwana. Ni aibu gani basi, ndege ajue majira yake ya kuja na kuondoka, nasi tujue majira ya kumwua tu!

Kwa hiyo, shauri hili likiletwa katika mkutano wa kijiji, tusinyamaze. Twende kwanza shambani asubuhi, tumtazame anachookota. Wala tusinunue nyama ya ndege ambaye hatujui amekufaje.

Bwana atupe macho ya kuona kabla ya mikono kutenda. Amina.