Ardhi ya Mababu na Damu ya Jirani
Mimi ni mzee wa kanisa na mkulima wa mahindi hapa Eldoret. Julai 2021, Vladimir Putin aliandika kwamba Warusi na Waukraine ni taifa moja. Februari 24, 2022, akatuma majeshi Ukraine. Septemba mwaka huo, Patriaki Kirill wa Moscow akahubiri kwamba askari anayekufa vitani huoshwa dhambi zote. Nakataa. Sisi Wakenya tunajua hoja kama hiyo, ya ardhi ya mababu, huishia wapi: Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa, karibu na hapa, lilichomwa, waliokimbilia humo wakiwa ndani. Historia hueleza tulikotoka. Haimpi mtu ruhusa ya kumuua jirani. Mchungaji anayebariki uuaji huo anamtumikia Kaisari, si Mungu aliyeamuru, “Usiue.”