Geuzeni Sahani

Wajukuu zangu,

Mmoja wenu anafanya kazi ya uhudumu kwenye meli kubwa za watalii huko Marekani. Juzi alimtumia dadake video. Meli yenyewe ni kama jumba la KICC lililolazwa ubavu, na juu ya sitaha wazee wa rika langu, vichwa vyeupe kama pamba, wanaserebuka kando ya kidimbwi cha kuogelea. Wamelipa pesa nyingi wakae baharini siku kadhaa na wanamuziki waliovuma enzi za ujana wao. Asubuhi wanakunywa chai na mpiga gita, usiku anawapigia. Dadake alinionyesha, akacheka, akasema, "Babu, hata wewe nitakutafutia meli yako."

Nairobi haina bahari, kwa hiyo akanitafutia matatu. Yeye na wenzake wa kazini walichanga wakakodi nganya, yenye taa za rangi zote na spika zinazotikisa meno mdomoni. Jumapili alasiri tukapakiwa Tom Mboya Street, twende Kawangware kwa njia ya 46, zilizopendwa zikicheza kuanzia kung'oa nanga hadi kutia nanga. Vijana walikuwa wamevaa suruali za bugaluu na mashati ya kola ndefu kama masikio ya sungura. Mimi nikawekwa kiti cha mbele karibu na dereva, wakaniita nahodha.

Safari ilinoga, sitawaficha. Niliwaonyesha duka la Melodica, ambalo limekuwa likiuza muziki pale Tom Mboya Street tangu miaka ya 70. Tulipozunguka KICC niliwaonyesha ilipokuwa klabu ya Garden Square, nikawasimulia pia kuhusu Starlight na bugi za Jumapili alasiri, na jinsi goti langu hili bovu lilivyokuwa halijui uchovu. Wakapiga makofi. Tukaingia Valley Road tukaanza kupanda, na kijana aliyekuwa akisimamia muziki akaweka "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Gari zima likaimba. Hakuna aliyekosea neno, na wote wamezaliwa miaka mingi baada ya wimbo ule kutoka.

Maneno yakaisha, magita yakaanza kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Hapo ndipo yule kijana alipoukata wimbo akaweka mwingine. Nilishtuka kama mtu aliyevutiwa kiti akienda kukaa.

"Mbona umeuzima?"

"Si umeisha, Babu? Imebaki tu kinanda."

Sikumjibu pale pale. Jibu ndilo hili ninalowaandikia.

Enzi zetu wimbo ulitoka kwenye sahani ndogo ya santuri, inayozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika nne au tano tu, na nyimbo za Nairobi zilikuwa ndefu kuliko hapo. Kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza uliimbwa. Upande wa pili magita yaliachiwa uwanja, na huko ndiko miguu ilikokuwa ikielekea. Mtu aliyeridhika na upande wa kwanza alirudi nyumbani akijua maneno, lakini ngoma hakuicheza. Nasaha yangu leo ni moja tu: geuzeni sahani. Mengine yote ni maelezo.

Nitaanza na watu waliokuwa ndani ya ile sahani. Mwaka 1975 niliajiriwa kuwa kijana wa duka la santuri huko River Road. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga sahani, na kuweka wimbo mpya kwenye spika iliyoning'inizwa mlangoni ili wapita njia wasimame. Niliwaona wanamuziki kwa macho haya. Walikuja wamevaa vizuri, viatu vinang'aa, wakaingia ofisini kwa tajiri na kanda zao. Wengi walilipwa mara moja tu, pesa za siku ya kurekodi, wakatia sahihi karatasi ambayo hawakuisoma. Wimbo ukishika mji, walirudi kuuliza. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Tajiri alikuwa amenifundisha la kusema: "Bosi amesafiri." Bosi alikuwa nyuma ya pazia akinywa chai. Nilisema uongo ule mara nyingi hadi ukawa mwepesi ulimini. Mtu mmoja aliyekuwa na wimbo unaochezwa kila baa ya mji aliniomba shilingi mbili za nauli. Nilimpa, nikajiona mkarimu.

Hiyo ndiyo sababu nachukia kusikia mtu akisema anaupenda wimbo na hajui jina hata moja la waliouzaa. Lile gita la ridhimu mlilolizima Valley Road lilipigwa na Omar Shabani, waliyemwita Profesa. Besi ni Tom Malanga. John Ngereza alikuwa pale pale. Shabani na Malanga walitoka kwa bendi ya Simba Wanyika mwaka 1978 wakaanzisha yao. Simba Wanyika nayo ilikuwa ya akina Kinyonga, Wilson na George, ndugu wawili wa Tanga. George alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995. Daudi Kabaka alitunga "Helule Helule," na mwaka 1968 bendi ya Waingereza iitwayo The Tremeloes ikauimba ukavuma kwao. Mzungu wa London aliucheza wimbo wa mtu wetu. Waulizeni vijana kumi wa Lavington Kabaka ni nani, mtaambiwa ni mfalme wa Buganda.

Msiniambie hayo yameshapita. Chama cha kuwakusanyia wanamuziki mirabaha, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, nyimbo nyingi mlizoimba ndani ya matatu zikiwa tayari zimeshazunguka Afrika Mashariki. Lakini sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtunzi aliyekufa mwaka 1995, watoto wake wana haki hadi mwaka 2045. Kwa hiyo mkiandaa sherehe ya zilizopendwa mkauza tikiti, mtu fulani ana haki yake mlangoni penu. Msimtume kijana amwambie bosi amesafiri. Na kama mwenyewe bado yu hai, mwiteni apige. Chanda chema huvikwa pete, na pete huvikwa kidole chenye damu. Ile michango ya mazishi tunayopitisha kwenye simu mwanamuziki akishakufa ni deni tunalilipa kwa mtu asiyeweza kutupa risiti.

Tulipopita Hurlingham, kijana mmoja nyuma yangu, damu ikiwa imemchemka kwa furaha, alipaza sauti: "Huu ndio muziki wetu! Nairobi yenyewe, kabla wageni hawajaijaza!" Na wakati huo spika zilikuwa zikicheza "Shauri Yako" ya Super Mazembe.

Kijana wangu, geuza sahani. Super Mazembe walitoka Zaire, wakapitia Zambia, wakafika Nairobi mwaka 1974 na magita yao. Mwimbaji Samba Mapangala ni mtoto wa Kongo. Akina Kinyonga ni wa Tanga, na akina Shabani na Ngereza nao ni Watanzania. Ule uitwao muziki wa Nairobi ulipikwa na watu waliokuja na sanduku moja, wakapanga chumba mitaani, wakajifunza kuimba Kiswahili ili mwenyeji aelewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulipona. Wao hawakuachwa wapone. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, asubuhi ile sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ilipotoka redioni akiwa amelazimishwa na askari waasi, usiku wa Nairobi ulifungwa kwa kafyu. Bendi inaishi kwa usiku. Miaka iliyofuata vibali vya kazi vikawa vigumu kwa mpiga gita wa kigeni, wengine wakafunga mizigo. Wale wale waliocheza nyimbo zao Jumamosi hawakusema neno Jumatatu. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo mkimkuta leo kinyozi Mkongo au fundi wa nguo Mtanzania huko mtaani, kabla hamjamwita mgeni, kumbukeni mnacheza kwa pumzi za nani.

Mtu akitaka kuanza kujifunza, asisafiri mbali. Aende Kenyatta Market, katikati ya wasusi na wachoma nyama, kuna kibanda cha santuri za zamani. Ashike sahani mkononi, asome ile karatasi ya katikati. Chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo, huandikwa jina la mtunzi. Hata sisi wauzaji wa dukani tulikuwa hatulisomi.

Na jambo jingine nililiona ndani ya matatu. Kila mlipotaka kunifurahisha mlisema muziki wa siku hizi ni takataka. Acheni hiyo. Baba yangu alipoisikia twisti redioni alisema ni uhuni, na kwamba dunia imefika mwisho. Dunia haikufika mwisho, ilifika Kawangware. Kupenda ya kale si kibali cha kuyatukana ya leo. Katika hao mnaowaita takataka wamo watakaoimbwa na wajukuu wenu, na sasa hivi wanaambiwa na mtu mlangoni kwamba bosi amesafiri.

Tukapita Yaya, tukapita Valley Arcade, bustani za Lavington zikabaki nyuma, tukateremka hadi stegi ya Congo. Watu wa pwani husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwendo wote wa chombo, mbele na nyuma, mwisho wake ni kurudi pale pale chini. Kwangu chini ni Kawangware. Hapa nilipanga chumba cha mabati mwaka 1977 nilipomwoa bibi yenu.

Hapa sasa nageuza sahani yangu mwenyewe. Hadithi za Garden Square mnazozipigia makofi zina upande wa pili, nao ulikuwa ndani ya chumba kile. Mshahara wa kijana wa duka ulikuwa mdogo. Ijumaa ya mwisho wa mwezi niliingia mjini nao, nikarudi Jumamosi asubuhi kwa miguu, viatu mkononi, nikiimba. Bibi yenu alinifungulia mlango akiwa ameshawasha jiko, hakuuliza kitu. Wimbo wenyewe wa "Sina Makosa" unasema nini? Ni mtu mwenye wake nyumbani akijitetea kwa mtu mwingine mwenye wake nyumbani. Nyinyi mnauimba kwenye harusi. Mimi niliucheza nikijua maana yake, na mke wangu aliusikia akijua maana yake vilevile.

Maana naye alikuwa akizisikia nyimbo zile zile. Alikuwa na redio ndogo. Mawe ya betri yakiisha nguvu aliyaanika juani juu ya bati yapate uhai wa siku mbili tatu. Alinunua kadi za salamu, akaandika majina ya dada zake na majirani, akatuma, akasubiri wiki nzima jina lake litajwe hewani. Siku lilipotajwa alinisimulia kwa furaha ambayo nilikuwa nimechoka mno kuisikiliza. Zilizopendwa zilipendwa na wawili katika nyumba yetu, mmoja akicheza, mwingine akingoja.

Tuliposhuka, mjukuu wangu alinishika mkono kunivusha barabara. Akaniuliza, bila hila yoyote, "Babu, na Bibi alikuwa akipenda wimbo gani?"

Ninajua nani alipiga besi kwa Les Wanyika. Nawajua walioondoka kwa Simba Wanyika na waliobaki. Niulizeni lebo, niwaambie rangi ya karatasi yake. Nilisimama pale stegi ya Congo, matatu ikipiga honi nyuma yetu, nikatafuta jibu la swali lile kwa miaka arobaini niliyoishi na mwanamke yule, na sikulipata. Miaka minane sasa tangu tumzike. Redio yake bado iko juu ya kabati.

Wajukuu zangu, nyumbani kwenu kuna mama, shangazi, jirani anayeimba akifua, mzee anayetikisa kichwa kidogo wimbo fulani ukipita. Muulizeni ni upi, na kwa nini huo. Muulizeni leo, jioni hii, chai ikiwa bado ina mvuke. Kisha nyamazeni, mmwache aucheze wote.

Babu yenu,
Kawangware